Usingizi wa Mchana Ulionifuata Ng'ambo

Pwani ya Magharibi, Amerika
Mwezi wa pili, siku ya mvua

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua barua hii itakukuta kwenye kizuizi chako cha mbung'o, na kwamba aliyeileta atakuwa amekwisha kupekuliwa baiskeli yake, matairi hadi tandiko, kabla hujaunyosha mkono kuipokea bahasha. Naomba uisome ukiwa umeketi. Mimi ni mzima. Nimelitanguliza hilo kwa sababu yatakayofuata yanaweza kukufanya ulitilie shaka, nami mwenyewe nililitilia shaka kwa siku kadhaa. Mgongo wako unaendeleaje na kule kuinama chini ya malori? Mama amepona kikohozi? Mahindi ya bondeni yamestahimili mvua, au yameoza kama ya mwaka jana?

Uliniagiza nikueleze jinsi ndege ilivyo. Nitajaribu, ingawa sina hakika kwamba niliyoyaona ndiyo yaliyokuwapo, maana sehemu kubwa ya safari nilikuwa katika hali isiyo ya macho wala ya usingizi. Tangu Nairobi nilipanda ndege tatu, na ukijumlisha na kungoja viwanjani, zilipita siku tatu. Hizo ni siku za kalenda. Za mwili sijui zilikuwa ngapi. Kwa kuwa ndege ilikuwa ikielekea upande jua liendako, usiku mmoja ulirefuka hadi nikadhani kumekataa kucha, kisha mchana uliofuata nao ukakataa kuchwa. Nililetewa chai ya asubuhi mara mbili katika asubuhi moja. Mhudumu, msichana wa Kiingereza mwenye subira, alinisihi nijinyooshe nilale, ninywe maji kila nikumbukapo, na niirudishe saa yangu nyuma kila tunapotua. Maji niliyanywa. Mengine mawili sikuyafanya. Kulala nimeketi bega kwa bega na mwanamume nisiyemjua niliona si adabu, na kwa muda wote ule niliketi wima kama mtu anayesubiri kuitwa mbele ya baraza. Saa nayo sikuigusa. Niliiacha isome saa za nyumbani, ili wakati wowote niweze kujua wewe na Mama mnafanya nini.

Nilipofika hapa, chuo kilikuwa kimeanza masomo, kwa hiyo niliingia darasani kesho yake. Saa nane mchana, mwalimu akiwa anaeleza habari za mizizi, nililala. Sikusinzia, Baba, nililala, paji la uso juu ya daftari. Siku ya pili ikawa hivyo, saa ileile. Usiku nilikaa macho makavu hadi alfajiri nikiwa na njaa ya chakula cha mchana. Siku ya tatu kichwa kikaanza kuuma.

Kuna mwanafunzi mmoja wa kwetu hapa, jina lake Masanja, mwana wa mpishi mmoja wa kule Songwa kwenye almasi. Anasomea miamba, na huu ni mwaka wake wa tatu. Amenichukua kama ndugu, maana yake ananitania. Siku hiyo ya tatu alinikuta nimelala ukumbini, kwenye benchi, watu wakinipita.

"Mwangaluka, ng'wana Maganga!" akanisalimu kwa Kisukuma, akiniita kwa jina lako, kwa sauti ya kuamsha ng'ombe.

"Masanja, hiyo ni salamu ya alfajiri. Sasa ni mchana."

"Mchana kwa nani? Hebu lete huo mkono." Akaisoma saa yangu. "Saa saba usiku. Saa hizi hata fisi wa Geita wamechoka, wamekwenda kulala. Wewe nani usilale?"

"Usinitanie. Kichwa kinaniuma."

"Kitaacha. Mimi nilipofika, dada, nililala ndani ya bakuli la supu. Mwenzangu akanivuta kola, akaniokoa nisife maji."

Alicheka, nami nikacheka. Maelezo yake yalikuwa sahihi, kama nionavyo leo, na yalikuwa mepesi kiasi cha kumtosha mtoto. Kwa nini basi hayakunitosha mimi niliyesomeshwa kupima ushahidi? Nadhani ni kwa sababu Masanja amekulia penye pamba na ng'ombe, mahali ambapo pori lilikwisha kufyekwa zamani. Hajawahi kumwona mtu akilala mchana na kukesha usiku, siku baada ya siku, mpaka mwisho wake. Mimi nimemwona.

Unajua ninamsema nani. Kaka Yohana alianza hivyohivyo. Alilala na tonge mkononi, jua likiwa utosini, na usiku tukasikia miguu yake ikizunguka ua. Sisi wadogo tulimcheka. Wewe ulimwita mvivu, ukamnyima mboga siku moja ili ajifunze. Sikumbushi hili kwa kukulaumu. Ninalitaja kwa sababu tangu tulipomzika, na wewe ukaenda kuomba kazi ya kizuizi ambayo watu waliicheka, neno malale halikutamkwa tena nyumbani, ila kila Jumapili kabla ya kanisa ulitupanga mstari na kutupapasa shingo kwa vidole viwili, ukitafuta tezi. Tulidhani kila baba hufanya hivyo.

Sasa ndipo nifikie jambo ambalo barua hii imeandikwa kwa ajili yake.

Wiki mbili kabla ya kuondoka nilikwenda Runzewe kumuaga mama mdogo. Wakati wa kwenda nilipita kwako, ukanitania kwamba msomi hahitaji kukaguliwa, kisha ukanikagua. Wakati wa kurudi sikupita. Nilifuatana na wanawake waliokuwa wakiwahi gulio na mizigo yao ya mihogo. Tulipokaribia njia panda, mmoja wao akasema, "Tukipita kwa huyu mzee wa wavu tutafika watu wameshafunga. Atatupekua hadi pindo la kanga." Mwingine akamgutusha kwa kiwiko, "Nyamaza, binti yake huyu." Wote wakanitazama. Baba, niliona haya kuwa binti yako. Nikasema, "Basi twende tunakopita siku zote," kana kwamba nami nilikuwa na njia ya siku zote. Tukazunguka nyuma ya kichuguu kikubwa, tukavuka kijito, tukatokea mbali na kizuizi. Majina yao sitayaandika, nimeandika langu.

Huko kwenye kijito mbung'o aliniuma, hapa nyuma ya shingo, chini kidogo ya nywele. Nilimpiga akafa kiganjani. Mabawa yake yalikuwa yamelaliana, moja juu ya jingine, kama ulivyotufundisha kumtambua. Nilinawa kijitoni na sikumwambia mtu. Kwenye fomu ya afya, penye swali la kuumwa na wadudu wa maradhi, niliandika hapana, nawe ulitia sahihi yako chini ya hapana hiyo ukiniamini.

Kwa hiyo utaelewa nilichokuwa nacho pale kwenye benchi. Nikisema, nilidhani wangenirudisha nyumbani kwa ndege ileile, na watu wangejua kwamba binti wa mlinzi wa kizuizi ndiye aliyekikwepa. Nisiposema, ningeendelea kulala kidogo kidogo mpaka nisiamke. Niliyapima mawili hayo kwa siku nne, na inanishangaza kwamba nilihitaji zote nne. Nilifunga kitambaa shingoni, nikasema ni baridi.

Siku ya saba mlezi wa bweni letu, mama mmoja mzito wa mwili na mwepesi wa miguu, alinikuta nimelala kwenye ngazi na kapu la nguo mapajani. Hakuniuliza kitu. Alinishika mkono, akanipeleka kwa daktari wa chuo.

Daktari huyu ni mzee. Wakati wa vita aliwahudumia marubani. Alinisikiliza habari za kulala na kukesha, akatabasamu, akaanza kusema kuhusu safari ndefu. Nikamkatiza, jambo ambalo usingelipenda. Nikafungua kitambaa, nikamwambia habari za kijito.

Aliacha kutabasamu. "Ugonjwa huo nimeusoma kitabuni tu," akasema.

"Mimi nimeusoma kwa kaka yangu," nikajibu.

Akavuta kiti karibu. "Basi wewe ndiye mwalimu. Nionyeshe pa kutafuta." Nikamshika vidole viwili vya mkono wake, nikaviweka mahali ulipozoea kuweka vyako. Alipapasa taratibu pande zote. Akanipima homa, sikuwa nayo. Akanitoa damu siku hiyo na siku mbili zilizofuata, na kila mara aliponyanyuka kwenye hadubini alinipisha nami nitazame. Nilitafuta vile ulivyonisimulia, vya kama visamaki vinavyojinyonganyonga kati ya chembe za damu. Sikuviona. Yeye pia hakuviona.

Ndipo akaniambia alichotaka kusema mwanzoni. Marubani wake waliovuka bahari waliugua hivyo wote. Mwili ni mnyama wa mazoea, akasema, husafirishwa kwa siku chache lakini hufika baadaye kwa miguu yake. Hapa na kwetu tumepishana saa kumi na moja. Mchana wao karibu wote ni usiku wetu. Akaniamuru niiweke saa yangu kama ya kwao, nitoke nje kwenye mwanga kila asubuhi hata kama ni wa mvua, nile wanapokula wao, na nisilale mchana hata machozi yakinitoka. Na akasema kwamba hatanirudisha popote. Nikiwa mgonjwa atanitibu hapahapa. Siku nne zangu za kupima zilikuwa za bure.

Kuigeuza saa kulinikera kuliko sindano. Nilipozungusha mishale, nyinyi wawili mlitoweka. Tangu hapo Masanja huja kila asubuhi kunitembeza kwenye bustani ya chuo, akisema "Mwangaluka" kwa wakati wake halali, na mchana nikipepesuka hunisimulia mambo ya kokoto mpaka nikasirike, maana hasira nayo huzuia usingizi. Siku ya kumi na mbili nililala usiku mzima. Kichwa kimeacha kuuma.

Ninahitimisha, basi, kwamba ulikuwa uchovu wa safari. Malale hayaponi kwa kutembezwa bustanini. Hata hivyo naliogopa hitimisho linalonifurahisha. Kutokukiona kitu si sawa na kutokuwapo kwake, na mtu aliyeficha ukweli wiki tatu hafai kuwa hakimu wa shingo yake mwenyewe. Daktari atanipima damu tena mwisho wa mwezi, na mwezi utakaofuata. Majibu yote nitakuandikia, mema na mabaya.

Lakini wakati nilipokuwa nikijihurumia huku, Baba, njia ile imeendelea kupitwa kila siku ya gulio. Hili ndilo lililoninyima usingizi hata baada ya mwili kufika. Njia inaanzia kwenye kichuguu chenye mti uliopasuliwa na radi, upande wa kushoto ukitokea Runzewe, inashuka kijitoni penye mawe matatu ya kukanyagia. Omba mtu wa pili mwenye wavu akae hapo; na wanawake wale usiwagombeze, waombe tu uwapapase shingo. Wakikukatalia, wasomee barua hii. Aibu yangu inaweza kufanya kazi ambayo wavu haukuiweza. Na habari ya ile fomu, ukiona vema, mpelekee bwana afya, mwambie nilikudanganya.

Nisalimie Mama, na umsomee yote bila kuruka. Nisalimie shangazi anayetulimia bondeni, na katekista aliyenifundisha kusoma, na yule mzee wa Nkome atuleteaye dagaa. Mwambie samaki wa huku hawana harufu, na kwamba nimeanza kudhani harufu ndiyo iliyokuwa chakula. Masanja anakuamkia ingawa hakujui.

Leo asubuhi, ya kwao ambayo sasa ni yangu pia, nilijipapasa kwa vidole viwili. Sikukuta kitu. Mama mdogo anakaa ng'ambo ya kizuizi, na siku nilipomuaga, mchana wa saa nane, alisinzia tukizungumza. Nilidhani ni joto. Anza na yeye. Shingo yangu itangoja.

Ni mimi mwanao,
Kabula