Mwanamke Mfupi Aliyeisifia Baiskeli Yangu

Jumapili, Arua. Mvua tangu alfajiri. Mkono wa kushoto umefungwa bendeji, kwa hiyo naandika kwa kidole kimoja, na kila herufi naibonyeza kwa hasira.

Jana nilianguka katikati ya barabara ya Koboko, na lori lilikuwa nyuma yangu.

Nianze na ujinga wangu mwenyewe. Nina miaka arobaini na moja, nafundisha Kiswahili sekondari, na baiskeli nimejifunza mwaka huu. Baba yangu alikuwa askari. Kaka zangu aliwafundisha kuendesha uwanjani kambini. Sisi wasichana tulikuwa tunashika sabuni na kitambaa cha kuifutia. Kwa hiyo nilipoamua kununua ya kwangu, sikutaka kumuuliza mwanamume yeyote. Nilikaa na simu nikasoma maoni ya wanunuzi. Miezi miwili nzima nilisoma. Wengi walionekana wanaume warefu wa mjini, wanaosifu gia na wepesi wa fremu. Hakuna aliyesema ana kimo gani, wala anapita barabara ya namna gani.

Halafu nikakutana na huyu.

"Mimi ni mwanamke mfupi wa West Nile. Naiendesha kila siku hapa Arua, kwenye lami na kwenye udongo mwekundu wa murram. Imenikaa kama gauni nililopimwa na fundi. Dada zangu wafupi, msiogope."

Nyota tano. Nilisoma maneno hayo mara ngapi sijui. Nilihisi kuna mtu hatimaye ameniona. Siku hiyohiyo nikaagiza.

Rafiki yangu Letaru, muuguzi, alinionya. Yeye alinunua yake kwa fundi hapa mjini, akasimamishwa juu ya baiskeli tatu, moja baada ya nyingine, mpaka fundi akaridhika kwamba miguu yote inagusa chini na bomba la juu la fremu halimfikii mapajani. Akaniambia nikapimwe hivyo kwanza. Nikamjibu kwamba kuna mwanamke kama mimi ameshanipimia.

Naona aibu kuiandika sentensi hiyo. Lakini ndivyo nilivyosema.

Baiskeli ilikuja kwa basi kutoka Kampala. Nilipoipanda, vidole vya miguu ndivyo vilivyogusa chini, tena upande mmoja nikijipinda. Tandiko lilikuwa limeshushwa hadi mwisho. Nikajiambia tatizo ni mimi: yule mwenzangu anaweza, kwa nini mimi nishindwe? Wiki sita nikaumia mgongo na nikanyamaza.

Jana mimi na Letaru tukaenda Koboko kwa baiskeli kumtembelea shangazi yangu, dada yake baba. Tulitoka jua halijawaka. Kijiji cha Ombaci tukakipita tukicheka, suruali zetu chini ya magauni, watu wakitupungia mkono. Nilikuwa na furaha, sitakataa.

Kabla ya njia panda ya Maracha, mbuzi akakatiza. Letaru akafunga breki akaweka mguu chini. Mimi nikafunga breki nikatafuta ardhi kwa mguu, nikaikosa. Baiskeli ikalala na mimi nikalala nayo, kifundo cha mkono chini yangu. Lori lilipiga honi ndefu likapinda. Upepo wake niliusikia shingoni.

Dereva alisimama mbele, akarudi kwa miguu, uso umempauka. "Mama, hii baiskeli iko kubwa sana kwako. Nani nakuuzia?"

Mtu wa kwanza kunitazama mimi na baiskeli pamoja, akaona kwa nukta moja kile nilichokuwa nakificha wiki sita. Akatupandisha sisi na baiskeli zetu mpaka Koboko.

Kwa shangazi tulikuta chakula tayari, na mwanawe Ratib amekuja kula. Ratib ana miaka thelathini na miwili na duka la simu sokoni. Ni mrefu; mlangoni kwa mama yake huinamisha kichwa. Wakati Letaru ananifunga mkono, yeye alikwenda kuizunguka baiskeli, akaanza kucheka.

"Dada, hii naijua! Hii mimi nasifu kwa simu!"

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamwuliza unasifu vipi.

Akarudi kwenye sahani yake, akaeleza bila hata kupunguza tonge. Muuzaji humtumia vifurushi vya intaneti, naye huandika maoni. Leo ni mwanamume wa Mbale, kesho ni bibi wa Masaka.

"Na mwanamke mfupi wa West Nile?"

Alitabasamu. "Huyo watu napenda sana."

Nikamwambia aoshe mikono, atoe simu, asome maneno yake kwa sauti mbele yangu. Alisoma. Alipofika pale pa gauni na fundi sauti ilikuwa imeshuka. Nikamwonyesha mkono. Letaru akamweleza habari ya lori.

Shangazi akaanza yale yetu ya siku zote, ya kuwatetea watoto wa kiume. "Muache mwanangu, yeye hapana jua." Na Ratib akapata nguvu: "Dada, hii kazi iko ya simu tu. Kila mutu nafanya. Hakuna mutu nakufa."

Hapo nilisimama. Nilisema mengi na siombi radhi kwa hata moja. Kwamba aliazima mwili wangu, kimo changu, hata mji wangu, akavitumia kunidanganya mimi. Kwamba mtu anaposoma maoni anauliza jambo moja tu, je, kitu hiki kitanifaa mimi, na anamwuliza mgeni kwa sababu anaamini mgeni hana faida ya kumdanganya. Nikamwuliza amesifu nini kingine.

Akataja, macho chini. Jiko. Viatu. Mafuta ya nywele. Majani ya kushusha presha.

Shangazi aliacha kutafuna.

Alinyanyuka taratibu, akaingia chumbani, akarudi na kopo la kijani. Akaliweka mezani kando ya sahani ya mwanawe.

"Hii?"

Ratib alilitazama.

"Binti ya jirani nasomea mimi kwa simu," shangazi akasema. "Mama moja ya Koboko naandika, presha yake imeisha kabisa, dawa ya hospitali naacha. Hii pia wewe?"

"Mama, mimi hapana jua kama wewe nakunywa."

"Nauliza, hii pia wewe?"

Akalisukuma kopo kando ya sahani. Letaru ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya wodini, ni tangu lini shangazi ameacha vidonge. Tangu mwezi wa Ramadhani, shangazi akasema. Letaru akamshika mkono, akahesabu mapigo, na sikupenda namna alivyokunja midomo.

Ratib alifuta maoni yake yote pale pale, moja baada ya jingine, machozi yakimtoka. Sikumhurumia. Labda kesho kutwa.

Leo baiskeli ipo kwa fundi wa Letaru. Amenisimamisha juu ya nyingine, fupi, kuukuu, rangi imebanduka, na nyayo zangu zote mbili zikakaa chini. Atanibadilishia. Kwenye ukurasa wa muuzaji niliandika kimo changu, barabara niliyopita na jinsi nilivyoanguka. Saa nzima haikupita, wakafuta. Nikaandika tena. Wakanifungia nisiandike. Ndiyo maana nayaweka hapa, wasipoweza kuyafikia: baiskeli ile si mbovu, imetengenezwa kwa mtu mwenye miguu mirefu, na hakuna nyota inayoweza kurefusha yangu. Kasimame juu yake kwanza.

Shangazi amelala chumba cha pili. Jana jioni tulikuja naye Arua, na kesho asubuhi Letaru anatungojea hospitalini. Daktari atauliza ni nani aliyemshauri kuacha dawa.

Nimeshajua shangazi atajibu nini. Atasema, ni watu wa kwenye simu tu.

Na mimi nitakuwa nimekaa kando yake. Je, nitanyamaza?