Sindano ya Adhuhuri

Mtendeni, Tabora
Mwezi wa Mei

Kaka yangu Sabiri,

Asalaam alaykum, na shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima huko Ujiji, na kile kifua chako kiwe kimepoa. Sisi huku tu wazima wa mwili, alhamdulillahi. Mvua zimekatika, watu wanaanika karanga, na lile bati la jikoni ulilolipigilia misumari wakati wa msiba lilivuja palepale. Fundi wewe!

Utashangaa dada yako anaandika barua zama hizi za simu. Nimekupigia mara tatu, na mara zote nimeishia kukuuliza bei ya dagaa. Ukisikia sauti yangu imebadilika unaanza kunibembeleza, nami nikibembelezwa nakosa ujasiri. Tafadhali kaa chini, usome mpaka mwisho.

Mwezi wa Shaabani nilikuambia kwamba mama amepitishwa kile kipimo cha mpira wenye kamera, na daktari ameona kidonda kwenye utumbo, karibu na tumbo. Alimpa vidonge vya kupunguza asidi vya majuma manane. Jambo moja sikukuambia: alimkataza kufunga mpaka apimwe tena. Mama aliitikia kwa adabu zote. Tulipofika nyumbani akasema amewasomesha msahafu watoto wa nusu ya Mtendeni, hawezi kukaa barazani mchana wa Ramadhani anakunywa uji na watoto hao wamefunga. Nikamwambia dini imemsamehe mgonjwa. Akanijibu kwamba hukumu hiyo aliijua kabla mimi sijaota meno. Unamjua mama.

Basi akafunga. Kidonge alimeza wakati wa daku, lakini ikifika alasiri tumbo linamuwaka, anajikunja juu ya mkeka, jasho linamtoka. Siku ya tatu aliniuliza kama pale zahanati ninapofanya kazi hakuna dawa hiyo ya sindano. Ipo, ya kuchoma mshipani polepole, tunawapa wagonjwa wasioweza kumeza. Aliniagiza nimuulize sheikh kama inafunguza. Nilikwenda. Sheikh alisema sindano ya dawa isiyokuwa chakula haifunguzi. Kisha akaniuliza kama daktari amemruhusu mgonjwa kufunga. Nikamjibu ndiyo, amemruhusu. Nilimdanganya mtu mzima, Kaka, nimekaa kwenye mkeka wake. Akamwombea mama shifaa, nikaondoka.

Tangu siku hiyo nilikuwa natoka kazini adhuhuri, namchoma mama sindano, narudi. Hakuna daktari aliyeiandika. Na ilimfaa, wallahi! Maumivu yalikatika, akawa anakwenda tarawehe kwa miguu yake, anawatania wenzake kwamba wao vijana wanasinzia. Nilimwona ana furaha ambayo sikuiona tangu baba afariki. Nikajidanganya kwamba kidonda kinapona, na mimi ndiye ninayemponya. Yarabi, kiburi changu!

Siku ya ishirini mkeo Zamda, uliyemleta mwenyewe aje kumsaidia mama kupika futari, aliniita uani. Akaniambia mama anapata choo cheusi kama lami, na amemkataza asiseme. Kaka, mimi ni muuguzi. Nilijua palepale kwamba kidonda kinatoka damu, na sindano yangu imetuliza maumivu tu. Zamda alikuwa ameshashika simu akupigie. Nikaichukua mkononi mwake. Mama alikuwa ameniomba nimwache amalize kumi la mwisho, halafu atakwenda hospitali popote nitakapo. Nilimsikiliza siku mbili nzima. Siku ya tatu asubuhi alitapika damu beseni likajaa. Hospitali walihangaika naye, wakamwongeza damu, lakini kabla ya alasiri mama akatutoka. Mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini maradhi haya hakuyaficha peke yake, tuliyaficha wote wawili.

Ulipofika kwenye matanga uliuliza ni nani aliyemwachia mama afunge na alikuwa akila nini. Ukaingia jikoni, ukakuta pilipili na ndimu. Ukamwambia Zamda mbele ya watu kwamba amemlisha mama yako sumu, na abaki kwao Kanyenye, usimwone tena Ujiji. Mimi nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake. Nilitazama chini. Zile pilipili ni zangu. Mama hakuzigusa, Zamda alikuwa akimpikia chakula chake mbali, viazi na uji wa ulezi, hata chumvi akimpimia.

Juma lililopita nilikwenda Kanyenye nikamkuta amekonda. Nikamuuliza kwa nini hakujitetea siku ile, hali alijua kila kitu. Aliniambia alikutazama ulivyokuwa ukilia, akaona ukiambiwa ukweli utapoteza mama na dada siku moja. Akasema mke utapata mwingine, lakini dada wa tumbo moja hapatikani. Kaka, nilitoka pale bila kuaga, nikalia njia nzima mpaka nyumbani, watu wananitazama. Miezi miwili mwanamke huyo amebeba mzigo wangu, na mimi nakuuliza bei ya dagaa.

Kwa sheikh nimeshakwenda, nimemweleza uongo wangu. Kazini nimemwambia mganga wetu mkuu. Nimesimamishwa, nangoja uamuzi. Umebaki wewe. Sikuombi unisamehe sasa, maana najua ulivyompenda mama, na hasira hiyo ni haki yako. Ukitaka kunikata, nikate. Lakini aliyestahili kufukuzwa mbele ya watu siku ile ni mimi.

Wasalimie majirani wote wa hapo, na shoga yangu Asmahani mwambie ukili wake wa kushonea mkeka nimeupata. Mungu akulinde safarini, kwa sababu najua utakuja. Ukiteremka Tabora usije kwanza hapa Mtendeni. Nenda Kanyenye.

Ni mimi dada yako,
Levina, wa kwanza kukosea na wa mwisho kusema.