Kikopo Chenye Jina Lako

Mama yangu,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi ya kituo cha afya, kile kile nilikokuleta wewe, na ninaogopa. Hii ni wiki ya nne nakohoa. Mjukuu wako Furaha amelala mgongoni mwangu.

Unakumbuka siku ile? Muuguzi alikupitishia kikopo dirishani, jina lako limeandikwa kwenye kifuniko, akasema tu, "Kesho asubuhi mulete makohozi." Hakukuonyesha namna ya kukohoa. Alikuwa peke yake, na baraza imejaa wagonjwa.

Asubuhi ulikohoa mpaka ukashika ukuta, yakatoka mate tu. Ukaona haya kurudisha kikopo kitupu, ukanisukumia. "Weye uko na nguvu, mwana wangu. Temea mu hii. Minye nimechoka." Nikatema. Nilidhani nakusaidia, kama nilivyokutwangia majani ya muhogo, sombe, mikono yako ilipoishiwa nguvu.

Karatasi ikarudi: hakuna kifua kikuu. Tukapewa vidonge vya kikohozi, tukamshukuru Mungu. Ulipika vijisamaki vya ndagala siku ile, ukala vijiko viwili, ukanilazimisha nimalize sahani. Kabla mpunga haujavunwa tulikuzika, na watu wakasema umelogwa. Nikawaacha waseme, mama. Mimi peke yangu nilijua kwamba makohozi yaliyopimwa yalikuwa yangu.

Jana Furaha naye ameanza kukohoa. Niliweka sikio kifuani pake, na alfajiri nikambeba kuja hapa.

Muuguzi ni yule yule. Leo, aliponyoosha mkono na kikopo, nilimweleza yote. Nilitegemea atanigombeza. Alitoka ndani, akaketi karibu yangu. "Hata minye nilikosa, mama. Sikumufundisha mama yako." Akanipeleka nyuma ya jengo, penye upepo, akanionyesha kuvuta pumzi, kuishikilia, kisha kukohoa kutoka chini kabisa. Akasema mtoto naye lazima apimwe. Nilitaka kumuuliza kama dawa ziko, nikashindwa.

Sasa kikopo kiko mkononi mwangu, na jina langu juu yake. Ndani kuna makohozi yenye uzi wa damu. Furaha ameamka, ananyoosha mkono anataka kukichezea, nami nakiinua juu asikifikie.

Nisamehe, mama, na upumzike. Kama huko mnaruhusiwa kuomba, anza na mtoto.

Ni mimi binti yako, niliyetema badala yako