Mzizi Bila Maziwa

Jumla, milimani, tarehe 2 mwezi wa Bhadau

Mwanangu Pabisara,
Natumaini u mzima huko Kathmandu. Sisi hatujambo, ila magoti ya baba yako yamevimba, akiinuka analia. Nimekutumia mizizi ya bikhi uliyotaka, ile dawa yetu ya uvimbe. Nimeichemsha kwa maziwa ya ng'ombe kama alivyonifundisha bibi yako, nikaionja mwenyewe kwanza. Kusoma kote huko, kumbe kazi yako kuuguza panya! Usipopata ruhusa ya kuja sikukuu ya Dasain, nitakutilia majani ya shayiri ya baraka kwenye barua, ujipambe kichwani huko huko.

Mama yako

Kathmandu, 14 Bhadau

Mama mpendwa,
Nainama miguuni penu, wewe na Baba. Mimi sijambo. Dawa yako ni kiboko! Panya tuliowavimbisha nyayo uvimbe umewashuka, na maumivu hawayasikii. Lakini mkuu wangu wa maabara anasema maziwa yanatuharibia kipimo. Nitumie mizizi mikavu tu, bila maziwa.

Binti yako

Jumla, 29 Bhadau

Mwanangu,
Hujambo? Hapa kwema. Mizizi mikavu hiyo hapo. Ng'ombe wetu amezaa, na unajua maziwa yake ni mwiko siku za kwanza. Nilikuwa nahangaika dawa ya baba yako nitaichemsha kwa kitu gani, barua yako ikaniokoa. Kumbe maziwa yanaharibu! Shangazi yako kanicheka, "Miaka yote unamwaga maziwa bure!" Dasain ikianza nitamsagia baba yako mikavu kama hiyo.

Mama yako

Kathmandu, 8 Asoj

Mama!
Salamu baadaye. Usimpe Baba! Panya wote tuliowapa mizizi mikavu wamekufa, tena upesi. Maziwa ndiyo yanayopunguza sumu. Nilisema bila maziwa kwa ajili ya panya, si kwa ajili ya mtu! Na wewe usionje, Mama, nakujua. Ndege haziruki kwa mvua, barua nampa mtu anayekuja huko kwa miguu. Nijibu neno moja tu.

Pabisara

Kathmandu, 28 Asoj

Mama,
Mbona kimya? Ndege zimeanza kuruka, na wenzangu wa Jumla wote wamepata majani ya shayiri kutoka kwao. Mimi sijapata. Naogopa kwenda posta, na nisipokwenda naogopa zaidi. Nigombeze basi, nitukane, mradi uandike.

Binti yako

Jumla, 2 Kattik

Mwanangu Pabisara,
Salamu sina. Leo naandika mimi, mwandiko nisamehe.

Mama yako alionja kwanza, kama kawaida yake. Akasema ulimi umekufa ganzi. Nikamwambia, "Mwaga hiyo." Akanijibu, "Nyamaza, mzee. Binti yako kasoma." Akaonja tena. Barua yako ilitukuta tumeshatoka kuuchoma mwili wake mtoni.

Mimi sikunywa hata tone. Shayiri alikuwa ameshakuoteshea, lakini nyumba yenye msiba haitumi majani, nimempa ng'ombe. Njoo na nguo nyeupe za msiba. Magoti bado yananiuma, sitaweza kuja kukupokea uwanja wa ndege.

Baba yako