Kitambaa cha Kompyuta

Ijumaa, 7 Novemba
Kompyuta imezimika tena. Mara ya tatu wiki hii, katikati ya sentensi. Tasnifu inatakiwa chuoni Ijumaa ijayo, saa kumi jioni, nayo imo humo pamoja na sauti za wazee ishirini na watatu waliokuwa makuli bandarini Kilindini. Wawili wameshafariki. Wengine wamerudi bara. Nakala nyingine sina — ninaandika hili polepole ili nione aibu ipasavyo.

Jumamosi, 8 Novemba
Nimebadilisha nywila, nimeweka masasisho, nimesaka virusi kwa saa nne. Hakuna. Hata hivyo nimeamua kwamba mkosaji ni flashi ya Tom, tunayekaa naye meza moja ofisini. Nikampigia simu.
"Flashi yangu ni safi kuliko roho yako, Auma," akasema. Akacheka, ila si sana.
Ushahidi wangu ni kwamba aliichomeka mwezi wa tisa. Msimamizi wangu angeupigia mstari mwekundu. Lakini nimeapa: flashi ya mtu siigusi tena.

Jumapili, 9 Novemba
Niliiacha kompyuta inawaka, ijisasishe nikiwa kanisani. Nimeikuta imefunikwa kitambaa cha kufuma, maua pembeni. Bi Amtulla, mwenye nyumba, ana ufunguo na hunipangusia meza. Kwake chini kila kitu kimevaa: redio, friji, hata mtungi wa gesi. Nikashuka kumshukuru.
Kompyuta ilikuwa moto kama kikaango. Imezimika. Flashi ya Tom hiyo.

Jumanne, 11 Novemba
Kwa Faraz, fundi wa kompyuta wa Makadara. Alifungua kifuniko, akainusa.
"Dada, hii ni kompyuta au bibi harusi?"
Panka dogo la ndani limezibwa na vumbi lililogandana na masizi ya ubani. Ndipo nikaelewa. Kila Alhamisi jioni Bi Amtulla hupanda na chetezo, akafukiza vyumba vyote, kisha akakiacha chini ya meza yangu, kwa kuwa ndipo ninapohangaika na ndipo panapohitaji baraka. Juu, kitambaa kinaziba hewa. Joto likizidi, mashine hujizima.
Nilimwuliza Faraz mara tatu kama ana hakika. Mimi pia nilikuwa na hakika juu ya Tom.
"Dada, mimi huwa na hakika mara moja kwa siku. Ya leo ndiyo hii. Nakili kazi yako."

Jumatano, 12 Novemba
Baada ya kusafishwa, kompyuta inakwenda vizuri ajabu, na kimya! Kurasa sita kabla ya chai.
Bi Amtulla ameniuliza ilikuwa na nini. Mwanamke huyu alinipikia uji siku tisa nilipougua malaria. Nikamwambia, "Vumbi, Bi Amtulla." Si uongo. Ni theluthi moja ya ukweli, nadhani. Pengine robo.

Alhamisi, 13 Novemba
Asubuhi nimemwomba Tom msamaha. Kisha flashi.
"Hii hii chafu?"
Hii hii. Amenikabidhi kwa mikono miwili, kama padri.
Nimeomba ruhusa ya kutoka mapema, ili ninakili kabla ya chetezo. Nyumbani nimekuta kitambaa kipya mezani: kizito, kirefu mara mbili, kinafika sakafuni, kimetariziwa jina langu kwa uzi wa dhahabu. Bi Amtulla alikuwa akinisubiri ngazini aone uso wangu.
"Kumbe vumbi, mwanangu! Nilijua kile cha kwanza kifupi."
Nimesema ni kizuri mno. Ni kizuri mno.

Saa kumi na moja na robo. Ninanakili. Mafaili ya sauti ni mazito na panka linavuma. Asilimia sitini na mbili. Nimejaribu sentensi kadhaa: Bi Amtulla, ubani wako naupenda, ila. Bi Amtulla, kitambaa nitakiweka, ila. Nina shahada na karibu nyingine, na baada ya "ila" sina neno.
Sabini na moja. Harufu imefika ngazini.
Sabini na tatu. Hodi.
"Leo nimetia na udi, mwanangu, kwa ajili ya kesho!"
Sabini na nne. Kitambaa nimekikumbatia kifuani. Nimesema karibu.