Mdogo Wako Si Tasa

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
9 Machi 1975

Mpendwa Dada Benedikta,

Shikamoo. Hujambo huko Mbinga? Mgongo wa baba unaendeleaje? Mimi mwili ni mzima, ila moyo unachemka, kwa hiyo univumilie mwandiko.

Unajua miaka sita nimeitwa tasa. Mama mkwe alinitangaza hata kwenye foleni ya unga, na Krismasi akamwambia Ignasi anirudishe kwetu. Mume wangu akaendelea kula.

Januari nikaenda kwa daktari mmoja Upanga. Akanipima, akasema sina kasoro, nimlete mume. Ignasi akafoka, "Mimi ni mwanamume kamili!" Nikamjibu kwamba asipokwenda nafunga mzigo mwenyewe. Akaenda.

Dada, daktari aliniruhusu nichungulie kwenye darubini. Mbegu za Ignasi zimegandana vichwa, mikia inatapatapa, hazisogei. Bakteria ndio waliokuwa wakipita katikati yake mbio mbio. Daktari akaeleza kwamba bakteria wale wana protini inayozinasa mbegu zishindwe kuogelea. Waliletwa na ugonjwa wa zinaa alioupata kabla hatujaoana. Mwenyewe akakiri kwa daktari kwamba alijua! Akauficha, mimi nikatukanwa.

Nikadhani yamekwisha. Kumbe! Tulipofika nyumbani akamwambia mama yake, "Evarista ameanza matibabu." Nikasema mbele ya huyo mama, "Ignasi, sema kweli, au naisema mimi uani, wapangaji wote wasikie."

Akasema kwamba ugonjwa ni wake, na mimi sina kasoro. Mama mkwe akainamisha kichwa, kisha akanong'ona, "Basi mwanangu, yaishe."

Yaishe! Miaka sita, kisha neno moja! Sijasamehe, dada, na usiniandikie kuniomba nisamehe. Nitakapoweza nitakwambia.

Ignasi amemaliza sindano. Hata mimi nilichomwa, kwa kosa lake. Juzi daktari akatazama tena: mbegu zinakwenda. Sasa Ignasi ananipikia chai asubuhi. Nainywa, lakini simchekei.

Mtoto akija nitamshukuru Mungu. Asipokuja, atakayeniita tasa nitamjibu nikiwa nimesimama wima.

Nisalimie baba, shangazi Candida, na Selina na mumewe. Mungu awakinge na baridi ya huko, awape mavuno mema.

Wako akupendaye, hata katika hasira hizi,
Evarista