Ile Programme Niliyobandika Ukutani

Maman,

Ni miye, Neema. Tuko wazima, na atelie yako ya ushonaji ingali wazi. Lakini ilibaki kidogo tu ifungwe, na aliyekaribia kuifungisha ni mutoto wako mwenye diplome ya gestion, ile ya kuongoza kazi.

Unakumbuka siku nilirudi na hiyo diplome? Nilikuambia kazi ya chef, mukubwa wa kazi, ni kupanga, kugawanya kazi, kuongoza na kukagua. Ukacheka mpaka ukashika mbavu. "Hayo yote nafanya mbele ya kunywa chai ya asubuhi!"

Bon. Kisha matanga yako, ile shule ya masista ikaleta kazi ya uniforme: mashati mia mbili, wiki tatu mbele ya masomo kuanza. Tukichelewa wanaenda kwa wengine, na bila wao washonaji wako wote saba wanarudi kukaa nyumbani.

Nikafanya vile nilisoma. Nikaandika programme kubwa, kila jina na kazi yake, nikaibandika ukutani. Nilijisikia mukubwa kweli! Wewe kila asubuhi ulikuwa unazunguka mashini zote, unaambia kila mutu kazi yake kwa mudomo, na yale magoti yako yanauma. Mara ngapi nilikuambia andika tu, pumzisha magoti? Ulinijibu, "Magoti ni ya nini basi?" Niliona ni kichwa ngumu ya wazee.

Asubuhi ile Maman Furaha, mukataji wako, akakaa na makasi mukononi, hakati kitu. Nikamukaripia mbele ya wote: programme iko pale, Maman, soma! Akakunja kitambaa pole pole, akaenda kwake kule Mudaka.

Siku nne hakuna shati lililokatwa. Nilijaribu miye mwenyewe, nikaharibu kitambaa. Usiniulize metre ngapi.

Siku ya tano nikamufuata. Nilimukuta kwa shamba lake la maharagi, nikapiga magoti pale kwa udongo, nikaomba musamaha. Akaniinua, akasema: "Neema, miye sijui kusoma. Mama yako peke yake alijua siri hiyo. Alizunguka kwa wote sababu ya miye, ili mutu asijue."

Nililia, Maman. Miaka kumi na mbili na magoti mabovu, na hata miye mutoto wako hukuniambia.

Amerudi. Mashati yalifika shuleni siku moja mbele ya masomo, na kola zote zilikaa sawa, nilikagua moja moja. Ile karatasi niliitoa. Nimewaambia wengine ilikuwa na makosa, na si uongo.

Pumzika sasa. Kila asubuhi miye ndiye nazunguka, naanzia mashini ya mulangoni kama wewe. Na siri ya Maman Furaha, nakuahidi, haitatoka kwa mudomo wangu. Nimeandikia wewe tu, na wewe ulishajua.

Neema wako